Tone Moja Kila Asubuhi

"Mimi kinyongo sina," alisema Tone, mdomo umejaa mkate, mbele ya watu wanne. "Mtu akinikosea leo, kesho nimeshasahau. Moyo wangu ni kama sinki hili hapa. Unamwaga, linapita, kwisha."

Sinki lenyewe lilikuwa limeziba tangu Jumatatu. Lakini tumwache aendelee.

"Kweli mwanangu?" akauliza Mama Vyombo, akimsogezea kikombe. "Maana yule bwana leo amekuvua nguo mchana kweupe."

"Nani, Dokta Marashi? Aa, mama! Yule ni mtu wa kumkasirikia? Nimesamehe kabla chai haijapoa."

Chai ilikuwa imepoa zamani. Tone aliikoroga na kuikoroga, kijiko kikigonga kikombe kama kengele ya shule iliyoshikwa na mtoto mtukutu, na wale wengine watatu wakaondoka mmoja mmoja kwa visingizio.

Kilichotokea ni hiki. Asubuhi hiyo kulikuwa na mkutano wa maabara nzima. Dokta Marashi, mtafiti mkuu wa magoti, alisimama mbele ya skrini akaonyesha michoro ya hesabu za miaka miwili. Jina la Marashi si la kuzaliwa nalo. Alijipulizia manukato kwa moyo mkunjufu kiasi kwamba harufu yake ilifika hatua kumi kabla ya yeye mwenyewe, jambo ambalo wafanyakazi walilishukuru, kwa sababu liliwapa muda wa kuficha simu. Sasa, zile hesabu za kwenye skrini zote zilikuwa za Tone. Seli zote hizo, moja moja, alizihesabu yeye, jicho limeganda kwenye hadubini mpaka likawa na alama ya duara kama jicho la bundi. Mkurugenzi akauliza, "Kazi nzito hii. Nani kahesabu?"

Dokta akatabasamu. "Aa, nina binti fulani pale, ananisaidia kuosha-osha."

Watu wakacheka. Tone naye akacheka, maana angefunga mdomo angemng'ata mtu.

Kuosha-osha! Tone alikuwa fundi wa seli. Magoti yaliyokwisha kazi yalitolewa chumba cha upasuaji cha hospitali ya jirani, yakaletwa kwenye ndoo yenye barafu. Yeye aliparura gegedu lililosalia juu ya mfupa, ule utando mweupe unaoteleza ambao ukiisha mifupa huanza kusagana. Alilikatakata, akalilowesha, akazitoa seli zilizojificha ndani yake, akazitia kwenye chupa bapa, akazilisha maji ya rangi ya waridi, akazilaza kwenye kabati la joto. Jina la Tone alipewa kwa sababu ya mkono wake. Ukimwambia aweke tone moja, ataweka moja, na litakuwa sawasawa na la jana, na la juzi, na la mwaka juzi. Hajawahi kumwaga. Hata supu nyumbani kwao yeye ndiye aliyepakua.

Aliyempa jina hilo ni Mama Vyombo, mwoshaji wa vyombo vya maabara, mama wa miaka karibu sitini mwenye mikono iliyokunjamana kwa maji ya moto na ulimi usiojua kukaa. Goti lake la kushoto lilikuwa la chuma tangu mwaka jana. Goti la zamani lilikuja kwenye ndoo kama mengine, likiwa na namba tu, ila siri hiyo aliivunja mwenyewe. Kila asubuhi aligonga kioo cha kabati la joto kwa kidole na kusema, "Hamjambo, wanangu?" Kisha akawageukia watu: "Goti langu hilo. Limenitangulia kupata kazi ya ofisini."

Alicheka, lakini goti la kulia nalo lilikuwa linaelekea kulekule. Ngazi alizipanda upande-upande kama kaa. Na kazi yake ilikuwa ya kusimama. Goti likigoma, kazi imekwisha. Ndiyo maana aliisubiri dawa ya kulinda gegedu aliyokuwa akiitengeneza Dokta Marashi kuliko Dokta mwenyewe.

Dawa hiyo ilikuwa inangoja siku moja tu. Baada ya siku tisa wangekuja wageni watatu wa kamati, waone jaribio kwa macho yao, waamue kama ianze kupewa watu.

Jaribio lilikuwa hivi. Ndani ya goti bovu huzaliwa aina fulani ya oksijeni yenye wazimu, inachoma kila inachokigusa kama kutu inavyokula bati. Maabara waliiga wazimu huo kwa peroksaidi, ileile ya kuoshea vidonda, inayotoa povu. Seli ya gegedu ikichomwa, kwanza hupigana. Ina vizima moto vyake, inavitoa vyote. Ikizidiwa, ama inakufa, ama inapandwa na hasira: inaanza kutema maji makali yanayokula gegedu lililoizunguka. Inabomoa nyumba, na yenyewe imo ndani. Tone aliliona jambo hilo mara mia, na kila mara alisema lilelile: "Seli ya kijinga hii."

Chupa kumi na mbili, basi. Sita za kifuniko cheupe, bila dawa. Sita za kifuniko cha kijani, zenye dawa. Zote kutoka goti moja la Mama Vyombo. Siku ya wageni zote zingemwagiwa peroksaidi nyingi kwa mpigo, halafu wahesabu maiti. Kwa hesabu za Tone, bila dawa hufa seli sabini katika kila mia. Kwa dawa hufa sitini. Tofauti ya kumi, ambayo Dokta aliichora kwenye skrini kwa namna ambayo kichuguu kilitoka mlima.

Kijiko kikaacha kugonga kikombe. Tone alikuwa amepata wazo.

"Mama," alisema, "wageni wanakuja lini vile?"

"Wiki ijayo, Ijumaa. Kwani?"

"Basi tu. Nataka kila kitu kiwe safi." Na yule asiye na kinyongo akatabasamu mpaka Mama Vyombo akajishika goti.

Kesho yake, saa moja asubuhi, kabla ya yeyote kuonekana, Tone alivaa glavu, akafungua kabati la joto, akatoa zile chupa sita za kijani. Akazimua peroksaidi mara elfu, ikawa hafifu kiasi kwamba hata kidonda kisingeitambua. Akaweka tone moja katika kila chupa. Kila chupa na ncha yake mpya ya pipeti, kile kimrija cha kuvutia matone, kwa sababu kulipiza kisasi ni kulipiza kisasi, lakini uchafuzi wa sampuli ni aibu.

Hesabu yake ilikuwa tamu. Angemwaga nyingi, seli zingekufa siku hiyohiyo, na Dokta angeanza upya kwa chupa nyingine. La, hizi zichomwe kidogo kidogo, siku nane, zidhoofike kimyakimya na hadubini isione kitu. Siku ya tisa, mbele ya wageni, zile za dawa zingekufa zaidi ya zile zisizo na dawa. Dokta Marashi angebaki amesimama na manukato yake. Na mkurugenzi akiuliza nani kahesabu, Tone angejibu kwa sauti ya adabu: "Yule binti wa kuosha-osha."

Jibu hilo alilifanyia mazoezi mbele ya kioo cha msalani. Akafanya na uso wa mshangao pia. Mara ya kwanza alionekana kama mtu aliyekanyaga msumari. Mara ya tatu ukakaa vizuri.

Siku ya pili, tone. Siku ya tatu, tone. Saa moja kamili, kipimo kilekile. Alipokuwa akilitia alinong'ona, kwa sauti ya kubembeleza kabisa, "Kunyweni. Hili la kuosha. Na hili la osha." Siku ya nne alijikuta amechelewa dakika kumi akakimbia ngazi zote tatu, moyo unadunda kama mtu anayewahi harusi yake.

Siku ya tano kukawa na kelele. Harufu ilitangulia, watu wakaficha simu, kisha Dokta akaingia akiwa ameshika boksi tupu.

"Nani anamaliza ncha za pipeti? Boksi hili nimelifungua juzi mwenyewe!"

Tone aliinamia hadubini kana kwamba ndani yake kuna mchezo wa fainali. Shingo ilimwaka.

"Ni mimi, dokta," Mama Vyombo akasema kutoka kwenye karo, povu mpaka kwenye viwiko. "Nililiangusha. Zikamwagika, nikazitupa."

"Mama! Unajua vitu hivi vinavyopatikana kwa shida? Kama macho hayaoni na miguu haishiki, si ukapumzike nyumbani?"

"Nisamehe, dokta."

"Mara ya mwisho!"

Akaondoka. Harufu ikabaki ikimalizia kugomba. Tone akashusha pumzi. Bahati iliyoje, akajisemea, bibi kaangusha boksi wiki ileile! Hakufikiria zaidi ya hapo. Mtu mwenye kisasi mkononi hana mkono wa pili wa kushika kitu kingine. Usiku alilala usingizi wa mtoto, na asubuhi, tone.

Ijumaa ikafika. Wageni walikuwa watatu: bwana mnene aliyeuliza choo kiko wapi, kijana aliyeandika kila kitu pamoja na hilo la choo, na mama mmoja mwembamba mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba shingoni. Huyo wa miwani hakuuliza kitu. Alitembea akisoma vibandiko vya chupa kama mtu anayekagua mchele.

Saa tatu, Dokta Marashi aliingiza peroksaidi katika chupa zote kumi na mbili, mkono umeinuliwa juu, mithili ya mtu anayepigwa picha. Peroksaidi ya kweli hiyo, nzito. Saa saba wakarudi. Tone alizing'oa seli chupani, akachanganya na rangi ya bluu. Seli iliyokufa huinywa rangi hiyo, iliyo hai huikataa na kubaki inang'aa. Hakuna ubishi wala maneno matamu: bluu umekufa.

"Nihesabu mimi?" akauliza Tone, uso wa mshangao tayari umekunjwa vizuri mfukoni.

"Nitahesabu mwenyewe," akasema mama wa miwani, akavuta kiti.

Nyeupe kwanza. "Sabini na moja katika mia zimekufa." Kijana akaandika. Nyingine, sitini na tisa. Nyingine, sabini.

Kisha kijani. Mama wa miwani aliinama. Akarekebisha lenzi, akahesabu mara mbili. Tone akautoa ule uso.

"Nane," akasema yule mama.

"Samahani?" akauliza Dokta.

"Nane katika mia ndizo zimekufa. Tisini na mbili zinang'aa."

Uso wa mshangao wa Tone haukuhitaji mazoezi tena. Ya pili ikawa tisa. Ya tatu saba. Hata Dokta Marashi mwenyewe alikodoa macho nukta mbili nzima, kisha akakumbuka kwamba yeye ni Dokta Marashi. "Kama nilivyotarajia," akasema.

Bwana mnene alipiga makofi. Mkurugenzi akamkumbatia Dokta, akatoka ananukia. Dokta akamwita Mama Vyombo aje mbele, akamshika bega, yeye aliyemfokea Jumatatu: "Huyu mama yetu, ndiye mwenye goti! Na nawaahidi, atakuwa mtu wa kwanza kuitumia dawa hii!" Mama Vyombo akalia, akajifuta kwa aproni, akakilowesha kifua chote.

Tone alikuwa ameshikilia ukingo wa meza. Kichwani mwake jambo lilikuwa linajipanga, namba baada ya namba. Dawa huokoa kumi, na hilo analijua kuliko mtu yeyote duniani. Hizi zilizobaki hamsini na kitu, nani kaziokoa?

Yeye.

Zile chupa hazikudhoofika. Kila asubuhi zilipata kichomo kidogo, zikatoa vizima moto vyao, zikapumzika siku nzima na usiku kucha, zikapata kingine. Siku nane za mazoezi! Ulipokuja moto mkubwa zikaukuta mlangoni, silaha mkononi. Mtu mwenye mkono mzito angezimwagia zikafa, na kisasi kingetimia. Tone alipima. Usahihi wake mwenyewe ndio uliompa Dokta Marashi ushindi wa maisha.

Hasira ilimpanda mpaka masikio yakapiga filimbi. Na juu ya hasira hiyo, wazo jingine likachipuka, tamu kuliko la kwanza. Si dawa! Ni mazoezi! Huu ndio ugunduzi, na ni wake. Akiusema leo, dawa inaanguka na Dokta anaanguka nayo. Kitu kimoja tu kiwekwe vizuri: mahali ugunduzi ulipotokea.

Alimkuta mama wa miwani peke yake kwenye karo la kunawia, ukumbini nje ya maabara.

"Wewe ndiye unayelea hizi seli?" yule mama akauliza bila kugeuka.

Miaka miwili, na huyo ndiye wa kwanza kumuuliza mwenyewe. "Mimi, mama."

"Zimelelewa vizuri sana. Ila sijaridhika. Kwenye kumbukumbu za nyuma dawa iliokoa kumi. Leo sitini. Kitu hakiruki hivyo."

"Si dawa, mama."

Bomba likafungwa. "Sema."

Tone akasema. Alisema haraka, mikono inapaa: kwamba ukizichoma kidogo, kila siku, saa ileile, ukizipa muda wa kupumzika, zinajifunza. Kwamba zinakuwa ngumu. Mama wa miwani alivaa miwani yake taratibu, kama mtu anayetaka kuona vizuri anachokisikia.

"Hili ni jambo kubwa, binti. Umelipataje?"

"Nilikuwa na chupa zangu, pembeni. Bila dawa. Udadisi tu. Niliona nijaribu, nje ya kazi ya dokta."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Naweza kuziona?"

"Nime... nimeshaziosha. Lakini namba ninazo kichwani."

"Sawa." Yule mama akatikisa kichwa, kisha akasimama hapohapo. "Ngoja kidogo. Kama ulizozizoeza ni za chupa zako za pembeni, hizi za kijani za leo zilipona kwa nini?"

Tone alifungua mdomo. Alikuwa na jibu la Dokta, jibu la mkurugenzi, na uso wa mshangao.

"Labda... joto la kabati," akasema.

"Joto la kabati halichagui rangi ya kifuniko."

Hapo ndipo trei ilipogongana na mlango, na Mama Vyombo akatokea, anatembea upande-upande, macho bado mekundu kwa furaha. Alikuwa amesikia, na alikuwa amesikia kwa namna yake.

"Mama mgeni, usimsikilize anavyojishusha!" akasema. "Huyu wakati wote hivyo, wenzake wanakula sifa yeye anacheka tu. Safari hii hawakunyimi, mwanangu, mimi nipo."

"Mama, tafadhali," Tone akasema. "Trei nzito hiyo, niipokee."

"Niache niseme! Asubuhi mimi huwahi, nakaa nyuma ya ile mashine ya kuchemshia vyombo, kuna joto, goti linapenda. Nimemwona siku zote nane. Saa moja. Anazitoa zile za kijani, za goti langu, sita, anaziwekea tone moja moja, na anaziongelesha kabisa. Sikusikia anasema nini, masikio yangu haya, lakini mtu akikiongelesha kitu hivyo, anakipenda. Nikajua anazizidishia dawa kwa ajili yangu, kwa siri, dokta asijue. Hata ncha zilipokwisha nikasema nimeangusha mimi. Nifokewe mimi, nina nini cha kupoteza? Yeye ni kijana."

Akaweka trei juu ya karo, akaushika mkono wa Tone, ule usiomwaga, kwa vidole vyake vilivyokunjamana.

"Mwambie, mwanangu. Zilikuwa za kijani, si ndiyo?"

Tone aliukamata ukingo wa trei kwa mkono mwingine. Glasi kwenye trei zikaanza kulia, moja ikigusa nyingine.

"Za kijani," mama wa miwani akarudia polepole. Hakuuliza. Alimtazama Tone kama alivyotazama kupitia hadubini, anangoja aone kama rangi ya bluu itaingia. "Kwa hiyo, binti, ulichokuwa unaziwekea ni nini? Na ulitaka zifanye nini?"

Tone alimtazama Mama Vyombo, anayetabasamu, anayesubiri asifiwe mtoto wake. Akatazama mlango.

Na ukumbini, hatua kumi kabla ya mwenyewe, marashi yakafika.